Kabla ya Kuuliza "Unasali Wapi?"



Habari ya juma hili tumeitoa penye robine, mahali ambapo mambo ya kartye hufika kabla ya kumfikia mkubwa wa avenyu. Ilikuwa siku ya posho, salongo imekwisha, na kanisa moja hapa kwetu Goma lilikuwa linagawa unga na maharagi kwa familia zisizo na nyumba. Mama mmoja mwenye watoto wanne alisimama kwenye mstari tangu saa moja. Alipofika mezani, kijana mwenye daftari hakumuuliza analala wapi. Alimuuliza: "Unasali wapi, mama?" Akataja kanisa lake la kijijini. Akajibiwa kwamba hapa wanaanza na waamini wao, aende kwa wenzake. Akaenda kwa wenzake, upande wa pili wa barabara. Huko wakamwomba barua ya mchungaji wake. Mchungaji mwenyewe alikimbia usiku kama yeye, na hakuna anayejua alipo. Mama akarudi saa nane na beseni tupu.

Tulizijua habari zake kwa sababu analala kwa mmoja wetu. Tukisema analala kwa mmoja wetu, msifikiri ni chumba. Ni jikoni, kati ya mafiga na gunia la makala. Wenye nyumba wakimaliza kupika fufu ya jioni, yeye anangoja majivu yapoe, anafagia, anatandika mkeka, watoto wanapangwa kwa ukubwa, yule mdogo akiwekwa mbali zaidi na mafiga. Saa kumi na moja asubuhi wote wawe wameamka, maana chai ya watoto wa shule inapikwa hapo hapo. Mtoto wa pili anakohoa tangu waingie.

Siku hiyo hiyo mama mwingine alipata unga kwa makanisa matatu, akauza mfuko mmoja soko la Virunga. Huyo hatumsemi vibaya. Ana watoto sita na alitafuta franka za dawa. Nani kati yetu angerudisha mfuko uliokwisha kuwa mikononi? Lakini mnaona wenyewe: makanisa matatu, madaftari matatu, na familia moja imeandikwa mara tatu huku nyingine haimo hata mara moja. Majina ya makanisa hayo hatutayataja, kwa sababu ni karibu kila kanisa, na ndani yake tumo sisi.

Sisi wa Goma hakuna wa kutufundisha maana ya kukosa nyumba. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Uliteketeza maelfu ya nyumba, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaenda nazo. Mwaka ule kanisa nalo lilikosa nyumba. Kisha ikaja jioni ya siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021, moto ukashuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27, tukaamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji. Mnakumbuka barabara ile. Wengine tulikwenda Rutshuru, wengine tulipanda mashua kwenda Minova na Bukavu, wengine tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, na umati mkubwa ukaelekea Sake kwa miguu, magodoro kichwani. Tulilala kwenye madarasa na kwenye mabenchi ya makanisa. Hatumkumbuki mtu wa Sake aliyetuuliza kama tulikuwa Wakatoliki au Wabatisti.

Na watu hao hao wa Sake, Februari 2024, vita ilipofika kwao, walikuja Goma kwa barabara ile ile, magodoro kichwani.

Wakaungana na wale wa Rutshuru, wa Masisi na wa Nyiragongo waliokuwa tayari Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Kambi hizo tulizijua. Zilikuwa na matope, na kipindupindu, na mabashi yaliyochanika, lakini angalau mtu wa msaada aliona familia iko wapi. Februari 2025 kambi zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Wengi walirudi. Wengine walikuta nyumba haina paa, au haina ukuta, au haipo kabisa, wakageuka. Wengine hawakuwa na pa kurudi tangu mwanzo. Wakaingia katika kartye zetu, na hapo ndipo shida yao ilipojificha. Kambi unaiona kwa macho. Familia iliyo jikoni mwa jirani, au ndani ya nyumba isiyomalizika yenye mlango wa gunia, huioni mpaka ubishe hodi. Na makanisa yanangoja watu waje mezani, hayabishi hodi.

Wenye kubisha hodi ni sisi wamama. Tunajua nani ameanza kuteka bidoni tano badala ya mbili. Tunajua nguo za nani zinaanikwa kwa nani.

Basi baada ya ile siku ya beseni tupu tuliitana. Hatukuanza na mapadri wala wachungaji, na tunakiri kwamba tulifanya hivyo kwa makusudi: wakubwa wakianza, mkutano wa kwanza unakwenda wote katika kujua nani atafungua kwa maombi. Tulikaa wamama wa parokia, wa Kibatisti, wa Kipentekoste, Dorkasi wa Waadventista, na wawili wa makanisa ya uamsho. Mama mmoja Mwislamu, jirani yetu, alikuja na mwavuli wake, akasema amekuja kusikiliza tu. Ndiye aliyetutajia familia nyingi kuliko sisi sote, kwa sababu anauza makala kwa sahani na anajua nani ananunua sahani moja kwa siku mbili.

Tulikubaliana daftari liwe moja, na liende kwa avenyu na kwa nyumba kumi, lisiende kwa makanisa. Kila avenyu wamama wawili wa makanisa tofauti wanatembea pamoja. Wawili, ili mmoja asimwandike binamu yake peke yake. (Na bado ilitokea. Tulimfuta binamu, na mwenzetu hakutusalimia majuma mawili. Sasa anatusalimia.)

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya nini kiandikwe. Tuliandika familia inalala wapi usiku huu, watu wangapi, nani ana mimba, nani mgonjwa, nani mzee, mwenye nyumba anawavumilia mpaka lini. Mama mmoja alitaka na mstari wa kanisa. Alisema si kwa ubaya, ni ili kila kanisa lijue watu wake na kuwatembelea kwa maombi. Tulizungushana hapo karibu saa nzima. Mwisho tulisema kanisa lisiandikwe; mwenye kutaka kujua atamwuliza mama mwenyewe akisha kula.

Jambo jingine ambalo hatuandiki, na tunawaomba sana mlishike: hatuandiki kijiji ambacho familia imetoka, wala kabila, wala baba yuko wapi. Daftari linaweza kuanguka. Linaweza kuombwa na mtu usiyeweza kumkatalia. Jina la mama na idadi ya watoto vinatosha kugawa unga. Mengine yote kuhusu mume aliyepotea au mtoto wa kiume aliyebaki nyuma, msikilize, mlie naye kama mnalia, lakini kalamu iwekeni chini. Na daftari lisilale kanisani, lisilale biro. Lina nyumba yake, na wanaoijua ni watatu.

Ndipo tukaenda kwa wachungaji na padri. Walitupokea vizuri, hatuwezi kusema vinginevyo. Mmoja tu alituletea mwandiko wa Mtume Paulo kwa Wagalatia, pale anaposema juu ya jamaa ya imani, kwamba wao watangulie. Ana haki ya kuusoma. Tena ana shida ya kweli: sadaka anayoipokea inatoka kwa wajane wake mwenyewe, wengine wao nao wanalala kwa watu, na siku moja watamuuliza unga wao umekwenda wapi. Si kila mchungaji anayesema "watu wetu kwanza" ana roho ngumu. Mwingine anahesabu tu magunia.

Aliyemjibu ni mama mzee wa Dorkasi, aliyekaa nyuma. Alimkumbusha yule Msamaria. Akasema: kila mwaka mnatuhubiria mafuta na divai na vidonda vilivyofungwa, lakini hamfiki nyumba ya wageni. Yule mtu alimpeleka mgonjwa mahali penye paa. Alilipa garanti. Akamwambia mwenye nyumba kwamba kikizidi kitu, atakaporudi atalipa deni. Na hatusomi popote kwamba alimuuliza anasali wapi. Mchungaji alicheka, na sisi tukacheka, na daftari likapita.

Tangu hapo sisi tunaliita lile daftari "garanti ya Msamaria", kwa sababu kwa kweli shida iko kwenye garanti. Unga familia huweza kupata leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nyumba hapana. Chumba kimoja cha mbao juu ya mawe ya volkano, choo cha pamoja, mwenye parsele anataka garanti ya miezi mitatu, na wengine zaidi, mkononi, kabla hujaingiza hata sufuria. Mama anayeuza ndizi kwenye beseni hawezi kuwa na miezi mitatu siku moja. Anaweza kuwa na mwezi mmoja, akipambana. Kwa hiyo anakaa jikoni mwa watu mwaka mzima na hela zake zinaliwa kidogo kidogo.

Kila kanisa kwa pekee lilikuwa na kitu kidogo kisichotosha nyumba moja. Vikiwekwa pamoja, vinatosha kadhaa. Parokia ilikuwa na mbao zilizobaki kwenye ujenzi. Wabatisti wana mafundi wa mbao ndani ya kwaya yao ya wababa, na wanaimba wakipiga misumari, vumilieni. Dorkasi walileta mablanketi na nguo. Wapentekoste walitenga sadaka ya siku moja ya Mungu kila mwezi, na wengine wakafuata, kila kanisa na juma lake, ili kapu lisikauke. Vijana walibeba mbao kwa chukudu bila kudai malipo, isipokuwa mmoja, tukamlipa. Mwenye parsele ambaye ana kona tupu anakubali chumba cha mbao kijengwe hapo, familia inakaa muda uliokubaliwa, kisha chumba kinabaki chake. Hiyo imesaidia kuliko hotuba, kwa sababu mwenye parsele naye anapata. Karatasi inaandikwa mbele ya mkubwa wa nyumba kumi, yenye tarehe ya mwisho, na kila upande unabaki na nakala.

Pale ambapo hakuna kona, tunalipa garanti. Hela hazipiti mikono mingi: mama wa familia, mwenye nyumba na wawili wetu, siku moja, mezani. Tumejifunza mengi ya kuchosha hapa. Tangu benki za Goma zifunge milango mwishoni mwa Januari 2025, sadaka tunazitunza na kuzituma kwa simu, na kila kutuma na kutoa kuna makato. Hesabuni makato kabla ya kumwahidi mwenye nyumba. Na noti zilizochanika au kuchakaa anazirudisha, hata kama zilitoka kwenye kapu la Bwana. Wanaopokea sadaka wazichambue mapema, nzima upande mmoja, mbovu upande mwingine.

Mengine hayakwenda vizuri. Familia mbili za kwanza tulizozilipia miezi mitatu zilifukuzwa mwezi wa nne. Tulikuwa tumenunua miezi, hatukufikiri mama atalipa vipi baada yake. Moja imerudi jikoni. Tuliona haya. Sasa pamoja na garanti mama anapewa kianzio cha biashara ndogo, beseni la sambaza au gunia la makala la kugawa kwa sahani, na anaingizwa kwenye kikundi cha AVEC cha avenyu yake tangu juma la kwanza, hata kwa hisa moja. Vikundi vingine vilikataa, vikisema mkimbizi ataondoka na mkopo. Tumewaambia kasa ya mshikamano isimame nyuma yake kwa mkopo wa kwanza. Mpaka leo tunaowajua wamelipa. Mmoja anachelewa, kama wenyeji wengi wanavyochelewa.

Kuna neno tunataka kulisema kwa sauti kuhusu familia zinazolala ndani ya makanisa zikingoja nafasi. Ni wema mkubwa kufungua mlango wa kanisa usiku, na tunawashukuru waliofungua. Lakini mlango uliofunguliwa bila mpango una hatari zake, na wanaoziona kwanza ni wasichana. Tunaomba upande wa wamama na watoto uwe peke yake. Taa iwake mpaka asubuhi, hata ya betri. Njia ya kwenda chooni isiwe ya giza, na mtoto wa kike asiende peke yake. Zamu ya usiku ifanywe na wamama wawili wa makanisa mawili. Mwanamume asiingie upande huo baada ya saa mbili usiku, awe mlinzi, awe mzee wa kanisa, awe mtumishi wa Mungu wa cheo chochote. Kuna aliyetuambia kwamba hilo ni kuwavunjia heshima watumishi. Tulimjibu kwamba mtumishi mwema naye atalala vizuri zaidi akiwa kwake.

Na siku ya Mungu, familia hizo hutolewa nje saa kumi na mbili ili mabenchi yapangwe, zikakae kwenye mawe na vifurushi vyao mpaka ibada ya tatu iishe. Mvua ikinyesha, inanyesha juu yao. Hapo makanisa mawili jirani yanaweza kupokezana: moja likisali asubuhi, familia ziwe kwenye darasa la lingine. Tumejaribu, inawezekana. Tatizo lilikuwa ufunguo tu, nani anao.

Tusiwasahau wenye kupokea. Yule mwenzetu mwenye jiko hakuandikwa popote, hakupewa hata kikombe cha unga, na kwa miezi saba amepika kwa watu kumi na mmoja kwenye sufuria iliyonunuliwa kwa watu sita. Siku moja alitufokea sote kwenye mkutano, akasema amechoka na hataki kuitwa mtakatifu, anataka makala. Alikuwa na haki. Sasa kila familia inapopewa, jiko lililoipokea nalo linapata sehemu, na linaandikwa kwenye daftari lile lile.

Yule mama wa beseni tupu alihamia chumba chake siku ya tatu ya juma lililopita, kwenye parsele ya jirani, mbao mpya upande mmoja na mbao za zamani pande tatu. Mtoto bado anakohoa, lakini kidogo. Tulipomuuliza kama anaweza kutembea na daftari kwenye avenyu yake, alisema amekwisha kutembea: alikuja na majina ya familia tatu, kayaweka kichwani kwa sababu hana kalamu. Moja inalala ndani ya gari bovu nyuma ya karakana. Hatukuijua, na tunapita hapo kila siku.

Tutakutana siku ya posho hii, baada ya salongo, mahali pale pale. Kila mama apite kwanza kwenye avenyu yake, aangalie nyuma ya majiko na ndani ya nyumba zisizomalizika, aje na alichokiona. Mbao zipo za chumba kimoja na nusu. Mabati tumeahidiwa sita. Misumari ya mabati imekwisha kabisa. Mwenye iliyobaki nyumbani tangu alipojenga, hata kama imeanza kupata kutu, aje nayo kwenye kikopo.